Michezo ya Uwanjani: Habari za Uskoti na Mkwiro

Kisiwa cha Wasini, kilichojinyoosha mkabala na bandari ya Shimoni katika pwani ya kusini ya Kenya, hakina barabara ya gari wala maji matamu ya kutosha visimani, na wakazi wake tangu zama za mababu wamezoea kukinga maji ya mvua katika majabia na kuvuka mlango wa bahari kwa chombo kila wapatapo haja ya bara. Ncha ya magharibi ndiko uliko mji wa Wasini, maskani ya Wavumba waliosifika zamani kwa madiwani wao na siwa yao. Na ncha ya mashariki ndiko uliko Mkwiro, mji wa wavuvi, ambao wenyeji wake husema Chichifundi, lahaja iliyo ndugu wa Chivumba, isikikayo pia Funzi na katika vijiji vya upande wa Msambweni. Mtoto wa Mkwiro afikapo umri wa miaka saba huwa tayari amekwisha kubeba mzigo wa lugha ambao watu wazima wengi wa nchi kubwa hawakupata kuujaribu: Chichifundi cha nyumbani, Kiarabu cha Kurani anachokariri chuoni, Kiswahili sanifu kilicho katika vitabu vya skuli, na Kiingereza, ambacho mtihani humdai kana kwamba amezaliwa nacho. Katika lugha hizo nne, ya mwisho ndiyo iliyo mbali naye kuliko zote, kwa kuwa haina mzee wa kuisema barazani wala nahodha wa kuamuru kwayo baharini. Na njia zilizotumiwa kumfikishia lugha hiyo ni habari ndefu, yenye mlango mmoja usiotarajiwa, nao ni mlango wa michezo ya watoto wa Uskoti.

Waskoti si wageni wa jana katika upande huu wa pwani. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka wa 1888 na kutawala pwani hii mpaka Serikali ya Uingereza ilipoitwaa mwaka wa 1895, ilikuwa na kituo chake Shimoni, ng'ambo tu ya maji kutoka Mkwiro. Na mwasisi wa kampuni hiyo, Sir William Mackinnon, alizaliwa Campbeltown, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Argyll, magharibi ya Uskoti, nchi ya visiwa na wavuvi na mikono ya bahari iingiayo bara. Kampuni ilikuja kwa biashara na bendera, haikuja kufundisha watoto kucheza. Lakini inafaa msomaji alitie moyoni jina la Argyll, kwa sababu miaka michache tu baada ya kampuni kuvunjika, yaani mwaka wa 1901, mwanachuoni aitwaye Robert Craig Maclagan alitoa kitabu kizima juu ya michezo na burudani za jimbo hilo hilo, akieleza jinsi watoto wa wavuvi na wakulima walivyofukuzana, walivyorushiana vijiwe, walivyofichana na walivyohesabiana ili kumpata wa kuanza. Kabla yake, Bibi Alice Bertha Gomme alikuwa amekwisha kuchapisha juzuu mbili, ya kwanza mwaka wa 1894 na ya pili mwaka wa 1898, za michezo ya Uingereza, Uskoti na Ayalandi. Na miongoni mwa waliomletea habari kutoka kaskazini alikuwamo Walter Gregor, mchungaji wa kanisa, aliyeona kwamba maneno ya mtoto anayehesabu wenziwe uwanjani yanastahili wino kama yanavyostahili maneno ya hotuba.

Kwa nini watu wazima, wenye elimu na shughuli, walijitaabisha namna hiyo? Jawabu moja ni kwamba walihisi kitu kinapotea. Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka wa 1872 ililazimisha kila mtoto kwenda skuli, na ndani ya skuli lugha ilikuwa Kiingereza peke yake; Kigaeli, lugha ya milimani na visiwani, hakikupewa hata sentensi moja katika sheria ile, na Kiskoti cha nyanda za chini kilihesabiwa kuwa Kiingereza kilichoharibika. Katika baadhi ya skuli za milimani mtoto aliyesikika akisema Kigaeli alivishwa kijiti shingoni, akakivaa kwa aibu mpaka amsikie mwenziwe akikosa kama alivyokosa yeye, ndipo akimvishe. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo, maana kibao cha namna hiyo hiyo kilizunguka katika skuli zetu, na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikitolea ushahidi mwaka wa 1986 katika kitabu chake juu ya kuondoa ukoloni katika fikra. Mimi naona ajabu kubwa, na dhuluma kubwa pia, kwamba adhabu hiyo moja iliweza kukaa juu ya shingo za watoto waliotenganishwa na bahari mbili na bara zima.

Basi mahali pekee ambapo kijiti hakikufika palikuwa uwanjani. Kengele ilipolia na watoto wakatoka, lugha ya nyumbani ilirudi mahali pake pamoja na nyimbo zake, na mwalimu aliyesimama dirishani hakuwa na wasaa wala nguvu ya kuizuia. Hivyo ndivyo michezo ya Uskoti ilivyodumu, ikirithiwa na mtoto wa miaka sita kutoka kwa mtoto wa miaka tisa, bila kitabu na bila mkaguzi; na hivyo ndivyo ilivyokusanya ndani yake hazina ya maneno, vina na mahadhi ambayo baadaye walimu wa lugha, kwa kuchelewa sana, waliitambua kuwa ni chombo bora cha kazi yao.

Huku kwetu kisa kilienda kwa mwendo mwingine. Misheni ya Kiskoti, iliyoanza Kibwezi mwaka wa 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka wa 1898, haikuweka mizizi Kwale. Watu wengi wa pwani ya kusini ni Waislamu, na kwa miaka mingi wazee wao waliitazama skuli ya Kizungu kwa hadhari, wakiogopa kwamba mtoto atakayeingia humo kutafuta hesabu atatoka bila dini yake. Hadhari hiyo haikuwa ujinga. Watoto walikuwa na chuo, na chuo kilikuwa na taratibu yake kamili ya kufundisha: alifu na be na te zikisomwa kwa sauti moja, mabega yakiyumba mbele na nyuma, mkubwa akimsomesha mdogo, mpaka mtoto asiyejua maana ya hata neno moja la Kiarabu akaweza kutamka herufi zake kwa ufasaha ambao mgeni hudhani umetoka Hijazi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwenye gazeti la Al-Islah la mwaka wa 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu ya dunia pamoja na ya akhera, wasiachwe nyuma na zama; na polepole wazazi walikubali. Lakini Kiingereza kilichowangoja watoto wao katika skuli za serikali kilikuwa Kiingereza cha ubao na sarufi, kilichofundishwa baada ya miaka kadhaa ya Kiswahili, kwa kukariri nyakati za vitenzi na kufasiri sentensi ambazo hakuna mtu aliyepata kuzisema. Chuo kilimfundisha mtoto lugha ngeni kwa mwili na sauti. Skuli, iliyojiona ya kisasa kuliko chuo, ilimkalisha kimya akanakili.

Badiliko lilikuja mwaka wa 1957, wakati Idara ya Elimu ilipofungua Kituo Maalumu Nairobi na kuanza kuwafundisha watoto wa skuli za Waasia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Utaratibu huo, uliokuja kuitwa Njia Mpya ya Msingi, ulipofika katika skuli za Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulileta vitabu vya Peak vya Oxford, na ulileta pia jambo lililowashangaza walimu waliozoea fimbo na chaki, nalo ni kwamba darasa liruhusiwe kuimba, kuigiza, kupiga makofi, kukaa kwa makundi na kwenda uwanjani. Fikra yenyewe haikuwa ngeni kwa wataalamu, kwani Harold Palmer na binti yake Dorothée walikuwa wamechapisha kitabu cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo mwaka wa 1925, Palmer alipokuwa Japani. Ila ngeni ilikuwa katika darasa la Kenya. Tume ya Elimu ya mwaka wa 1964, iliyoongozwa na Profesa Ominde, ilikiunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo, na njia hiyo ikaenea kwa kasi kuliko idadi ya walimu waliofunzwa kuitumia. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro: mwalimu aliyepewa kitabu cha nyimbo za watoto wa Ulaya, na asiyepata kamwe kuzisikia zikiimbwa, alizifundisha kama alivyofundisha sarufi, watoto wamekaa juu ya madawati na mikono imekunjwa. Mchezo ukaondolewa, yakabaki maneno matupu. Baadaye tume ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza miaka mitatu ya mwanzo ifundishwe kwa lugha ya mahali, na Kiingereza kikarejea kuwa somo katika madarasa madogo, angalau kwa mujibu wa karatasi.

Mlango wa pili ulifunguliwa kwa upande wa bahari. Kuanzia mwaka wa 2006 shirika la Global Vision International lilikuwa na kambi ya wahudumu wa kujitolea katika eneo la Shimoni na Mkwiro, aghalabu vijana kutoka Uingereza na nchi nyingine za Magharibi, ambao kazi yao moja ilikuwa kuwatazama na kuwahesabu pomboo katika maji ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti, na kazi yao ya pili kusaidia masomo ya Kiingereza katika skuli ya msingi. Kijana wa namna hiyo hana cheti cha ualimu wala hajui lahaja ya mji. Atakapowekwa mbele ya watoto arobaini au hamsini, na vitabu ni vichache, atakimbilia kile alicho nacho tangu utotoni, yaani michezo ya duara ya uwanja wa skuli yake. Wako wanaoibeza kazi hiyo kwa kuwa waifanyao huja na kuondoka, na upo ukweli katika lawama hiyo, kwani mtoto anayebadilishiwa mwalimu kila baada ya wiki chache hujifunza mwanzo mara kumi na mwisho asiufikie. Lakini mchezo wenyewe hauna hatia ya anayeuleta, nao ndio ninaotaka kuutazama kwa karibu.

Chukua mchezo mmoja unaopendwa sana na wasichana wa Uskoti, wa maua ya buluu. Watoto husimama duara, wameshikana mikono na kuiinua juu, hata kila nafasi iliyo kati ya wawili huwa kama mlango wa tao. Mmoja huanza kupita, akiingia mlango huu na kutokea ule, na wote huimba kwamba anaingia na kutoka; kisha husimama nyuma ya mmojawapo, humpigapiga begani, na huyo aliyeguswa hushika kiuno chake, wakaendelea wawili, halafu watatu, halafu wanne, mpaka duara lote limekwisha kuwa mkia unaojipinda ndani ya milango miwili iliyobaki. Katika muda huo mtoto amesema maneno ya kuingia na kutoka pengine mara ishirini, kila mara mwili wake ukifanya lile ulimi unalolitamka, na hakuna hata mara moja alipoulizwa swali mbele ya wenziwe akakosa na kuchekwa. Au uchukue mchezo wa mkulima, ambamo mkulima humchagua mke, mke humchagua mtoto, mtoto humchagua yaya, na kuendelea hadi mbwa na mfupa wake: herufi ile ndogo ya mwisho wa kitenzi cha Kiingereza, ambayo huwatesa wanafunzi wetu hadi kidato cha nne, hutamkwa humo bila maelezo na bila machozi.

Mchezo wa tatu una faida yake ya pekee kwa mtoto wa pwani. Mmoja husimama ukutani na kuwapa wenziwe mgongo, naye ni mbwamwitu. Wengine humwuliza saa ngapi, akiwajibu saa hupiga hatua kwa hesabu hiyo, wakimkaribia, mpaka ghafla asemapo kwamba ni saa ya kula, akageuka kuwafukuza. Sasa mtoto wa Mkwiro huhesabu saa kwa jua, saa moja ikiwa ni ile ifuatayo kucha, hali Mwingereza huihesabu saa hiyo hiyo kuwa ya saba; na tofauti hiyo, inayomtatiza hata mtu mzima anayetaka kupanda basi, hutulia miguuni mwa mtoto kwa kukimbia tu. Mbwamwitu hajulikani Mkwiro. Mwalimu mwenye busara angemweka papa mahali pake, na mchezo usingepungua kitu.

Iko pia faida ya sauti, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa. Kiswahili huipa kila silabi haki yake, huzifunga nyingi kwa irabu, na mkazo huuweka aghalabu katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hurundika konsonanti pamoja, huuhamisha mkazo huku na huku, na silabi nyingine huzimeza. Hakuna kanuni itakayomfundisha mtoto kuzimeza silabi hizo. Lakini wimbo wa kuruka kamba una mapigo yake, na kamba haimngoji mtu: asemaye silabi zaidi hunaswa mguu, na baada ya kunaswa siku mbili tatu hujikuta anatamka kama kamba inavyotaka. Wanachuoni wa chuo cha Kurani waliijua siri hiyo karne nyingi kabla ya Palmer.

Na jambo ambalo wageni wengi hawakuligundua ni kwamba watoto waliowafundisha hawakuwa na uwanja mtupu. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha mwaka wa 1870, alitaja mchezo wa tinge, ambamo kiongozi hufanya mwendo na wote humwiga, nao ni ule ule unaouzwa leo kwa walimu kama uvumbuzi mpya wa kufundishia amri. Ukuti huchezwa pwani nzima, watoto wameshikana mikono wakizunguka, wala haukosi kitu chochote kilicho katika duara la Waskoti. Kibe ni kule kujificha kunakojulikana duniani kote. Mdako, mchezo wa wasichana, hutaka kishimo, vijiwe, na jicho jepesi: kijiwe kimoja hurushwa juu, na kabla hakijarudi mkononi vingine vinatolewa shimoni kwa hesabu maalumu, na msichana wa Argyll aliyeelezwa na Maclagan angekaa chini hapo hapo Mkwiro na kucheza, maana mchezo wa vijiwe wa kwao haukutofautiana sana na huu. Mwalimu anayeanza na mdako, akahesabu kwa Chichifundi, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, amempa mtoto daraja ya kuvukia badala ya kumtupa majini.

Mwaka wa 1959 Iona na Peter Opie walichapisha Oxford kitabu chao mashuhuri juu ya mila na lugha ya watoto wa skuli, kilichotokana na watoto wapatao 5,000 wa skuli sabini za Uingereza, Uskoti na Wales. Miaka minane kabla yake, mwaka wa 1951, walimu wa skuli ya Norton Park, mpakani mwa Edinburgh na Leith, akiwamo James Ritchie, walikuwa wametengeneza filamu ya wanafunzi wao wakicheza na kuimba mitaani, na Ritchie akaifuatiliza kwa vitabu viwili, cha mwaka wa 1964 na cha mwaka wa 1965. Hawa hawakuwa maprofesa; walikuwa walimu waliotoka nje wakati wa mapumziko na kusikiliza. Mwaka huo huo wa 1959 jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki lilichapisha maandishi ya Bwana H. E. Lambert juu ya michezo ya watoto wa huku kwetu. Lambert, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, ndiye pia aliyeandika vijitabu vya lahaja za kusini, cha Chivumba mwaka wa 1957 na cha Chichifundi mwaka wa 1958, na kila mpenda lugha wa pwani anapaswa kumshukuru. Lakini maandishi yale juu ya michezo yalikuwa kurasa chache tu. Waskoti wana rafu nzima za vitabu, filamu na kanda za sauti. Michezo ya huku kwetu ina kurasa chache, na mwandishi wake alikuwa mgeni.

Tofauti hiyo ndiyo inayonisikitisha, wala si kuja kwa michezo ya kigeni. Mtoto aliyejifunza kupita chini ya mikono ya wenziwe huku akiimba Kiingereza hakupungukiwa na kitu, na laiti kila skuli ya Kwale ingemtoa nje mara tatu kwa wiki afanye hivyo. Ila mchezo wa Mskoti ulifika Mkwiro kwa sababu mwalimu wa kwao aliuona una thamani, akauandika, ukafika mpaka katika vitabu vya walimu wa dunia. Na wetu hautafika popote ikiwa kila mwalimu anangoja wa kuuandika aje kwa ndege.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Mkwiro, wa Wasini, wa Shimoni, wa Funzi na Msambweni, na walimu wa chuo vile vile, maana watoto ni wale wale: katika mapumziko ya saa nne, chukueni daftari. Andikeni jina la mchezo kama watoto wanavyolitamka kwa lahaja yao, idadi ya wachezaji, zana, kanuni, maneno ya kuhesabiana, na wimbo wote bila kuusafisha uwe Kiswahili sanifu. Waulizeni akina bibi walivyoucheza wao, maana wao ndio wenye habari za kabla ya skuli kuenea. Simu iliyo mfukoni inatosha kunasa sauti. Kisha nakala moja ibaki skulini, na nyingine ipelekwe Kwale mjini, kwa ofisi ya elimu ya kaunti.